Saratani ya tumbo iliyorudi na upasuaji wa matundu madogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi na Lamu

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa na wagonjwa na jamaa zao hapa Malindi, pamoja na wenzetu wanaovuka kutoka Lamu. Yamepewa nambari ili jibu moja likikuelekeza kwenye jingine ulipate upesi. Daktari aliyeona picha na majibu ya mgonjwa wako ndiye mwenye neno la mwisho. Ukurasa huu ni wa kukusaidia kumuuliza vizuri.

## Misingi

1. Daktari amesema saratani ya tumbo "imerudi". Maana yake ni nini hasa?

Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza, kwa sababu neno hilo moja hubeba hali tatu zenye tiba tofauti.

Hali ya kwanza ni saratani mpya kwenye kipande cha mfuko wa tumbo kilichobaki. Mtu alikatwa sehemu ya tumbo zamani, kwa saratani au hata kwa vidonda vya tumbo tu, kisha uvimbe ukaota kwenye kile kilichosalia. Kwa waliokatwa kwa ajili ya vidonda, jambo hili laweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi. Wapo wazee wasiokumbuka tena kwa nini wana kovu lile.

Hali ya pili ni saratani ileile ya kwanza kuota tena pale tumbo lilipoungwa na utumbo, au kwenye tezi za limfu za karibu.

Ya tatu ni saratani kujitokeza mbali: kwenye utando unaofunika matumbo, kwenye ini, au kwa wanawake kwenye ovari. Saratani ileile inaporudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, na mara nyingi huwa katika sura hii ya tatu.

Upasuaji wa nia ya kuponya huzungumziwa zaidi katika hali ya kwanza, na kwa baadhi ya wagonjwa wa hali ya pili. Kwa hali ya tatu soma swali la 9.

2. Upasuaji wa matundu madogo unafanywaje?

Mgonjwa hulazwa usingizi kabisa. Badala ya kupasuliwa tumbo kwa mkato mrefu, hutobolewa matundu kadhaa, kwa kawaida kama 5, ya milimita 5 hadi 12 kila moja. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi kwa kanieneo ndogo, ili ukuta wake uinuke na daktari apate nafasi. Kamera huingia kwenye tundu moja, vyombo virefu vyembamba kwenye mengine, na timu yote hutazama kioo. Mwishoni tundu moja hupanuliwa kiasi ili kipande kilichokatwa kitolewe kikiwa ndani ya mfuko.

Njia hii ilianza kutumiwa kwa saratani ya tumbo Japani mwaka 1991, na daktari Seigo Kitano na wenzake.

3. Kwa jibu la haraka: ni salama kwa saratani iliyorudi?

Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri na daktari aliyezoea kazi hii, inaweza kuwa salama sawa na ya kupasua, na kupona kukawa kwepesi zaidi. Kwa kila mgonjwa na kila hospitali, hapana. Matundu ni madogo, lakini kazi inayofanyika ndani ni kubwa vilevile: kinachokatwa ni kilekile na kinachoungwa ni kilekile. Ukiahidiwa kwamba "ni kitundu tu", omba maelezo zaidi kabla ya kutia sahihi.

## Usalama wenyewe

4. Ushahidi upo?

Kwa saratani ya mara ya kwanza, upo tena mzito. Korea Kusini waligawa wagonjwa 1,416 wenye saratani ya mapema kwa bahati nasibu, nusu matundu, nusu kupasuliwa. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 94.2 kwa matundu na 93.3 kwa kupasuliwa, na matatizo ya kidonda yalikuwa machache zaidi kwa waliotobolewa. China walifanya utafiti kama huo kwa wagonjwa 1,056 ambao saratani yao ilikuwa imekomaa zaidi. Walioishi miaka 3 bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 76.5 kwa matundu na 77.8 kwa kupasuliwa. Kwa hesabu za kitabibu, hiyo ni sare.

Saratani iliyorudi haina tafiti kubwa za namna hiyo. Zilizopo ni kumbukumbu za hospitali, nyingi za Japani, Korea na China, zikiangalia nyuma wagonjwa wachache waliokwisha kutibiwa. Zinaelekea upande mmoja: damu hupotea kidogo, mgonjwa huanza kula na kutembea mapema, upasuaji huchukua saa nyingi zaidi, na matatizo makubwa hayazidi yale ya kupasua. Ila madaktari wale waliwachagulia matundu wagonjwa waliokuwa na hali nafuu tangu mwanzo, na hilo peke yake huyapendezesha matokeo. Kwa hiyo, mtu akikutajia zile namba za Korea na China ili kukutuliza kuhusu saratani iliyorudi, mwambie zile ni za wagonjwa wengine.

5. Alifanyiwa mara ya kwanza bila shida. Kwa nini sasa wanasita?

Kwa sababu ndani si kama walivyopakuta mara ya kwanza. Baada ya upasuaji, matumbo hushikana yenyewe kwa yenyewe na kushikana na kovu, kama wavu uliokaushwa bila kukung'utwa. Utumbo mpana hupanda ukakaa mahali tumbo lilipokuwa. Upande wa kushoto wa ini hujibandika kwenye maungio ya zamani. Mishipa ya damu iliyofungwa zamani haiko tena pale daktari alipozoea kuiona, na kongosho na bandama ziko jirani kabisa.

Daktari mwangalifu huingiza kamera ya kwanza mbali na kovu la zamani, hutazama kwanza, kisha hubandua mishikano kidogo kidogo kwa mkasi, akikwepa kutumia chombo cha moto karibu na utumbo. Saa nzima inaweza kwisha kabla uvimbe wenyewe haujaonekana. Hatari kubwa ya hatua hii ni kutoboa utumbo bila kuona, nayo hujulikana siku mbili tatu baadaye mgonjwa anapopata homa. Aliyefanyiwa mara ya kwanza kwa matundu huwa na mishikano michache kuliko aliyepasuliwa, basi hakikisha daktari anapata karatasi za upasuaji wa kwanza. Kama ulifanyika hospitali nyingine, zifuate mwenyewe, hakuna atakayekuletea.

6. Waliingia kwa matundu, kisha wakapasua. Walishindwa?

La. Hiyo huitwa kugeuza njia, na ni uamuzi wa usalama. Daktari akikuta mishikano migumu, damu isiyokatika vizuri au uvimbe ulioshika kiungo cha jirani, kupasua ndiko kumlinda mgonjwa. Tunamwamini zaidi daktari anayekuambia mapema kwamba huenda akageuza njia kuliko yule anayesema haitatokea. Sahihi yako kwenye fomu ya idhini inapaswa kuruhusu njia zote mbili.

7. Watu wanasema saratani ikiguswa na kisu au ikipigwa na hewa husambaa. Ni kweli?

Swali hili lina uzito kwetu kwa sababu karibu kila mtaa una habari ya mtu "aliyefunguliwa akafungwa", kisha akafariki muda mfupi baadaye. Watu walioona hayo hawakudanganya. Ila kilichomwua si hewa wala kisu: saratani ilikuwa imekwisha kusambaa, picha haikuionesha, na daktari alipofungua akakuta hakuna cha kukata. Mgonjwa aliyekuwa dhaifu akaongezewa kidonda kirefu cha kuuguza. Swali la 10 linaeleza namna ya kupunguza jambo hilo.

Matundu nayo yaliwahi kushukiwa. Katika miaka ya 1990 madaktari waliona saratani ikiota kwenye kovu la tundu kwa baadhi ya wagonjwa na wakaingiwa na hofu. Kadiri walivyozoea kutoupasua uvimbe ndani na kuutoa ukiwa ndani ya mfuko, jambo hilo likawa nadra, karibu sawa na kwa mkato mrefu.

8. Matatizo gani hutokea, na tutayajuaje?

Linaloogopwa zaidi ni maungio kuvuja, yaani pale umio au tumbo lililobaki lilipounganishwa na utumbo mwembamba. Hutokea zaidi katika wiki ya kwanza na ya pili. Mengine ni kutokwa damu, usaha ndani ya tumbo, kongosho kuvuja, homa ya mapafu, na damu kuganda kwenye mishipa ya mguu.

Akiwa bado wodini, tazameni mrija wa kutolea maji tumboni. Maji mekundu hafifu yanayopauka siku hadi siku ni ya kawaida. Yakigeuka kijani, yakawa mazito kama uji, yakanuka, au yakaja damu tupu, mwite nesi hapohapo. Usingoje daktari apite asubuhi. Maumivu ya bega siku ya kwanza na ya pili kwa kawaida ni ile gesi, nayo huisha.

Akishafika nyumbani, haya ni ya kurudi hospitali usiku huohuo: homa, moyo kwenda mbio akiwa amelala, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika kusikokoma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla. Msimpe dawa ya maumivu mkasubiri kukuche.

## Nani anafaa

9. Mbona mgonjwa wetu kaambiwa aanze kemo (dawa za kuua saratani), wala hakutajwa kisu?

Pengine kwa sababu ugonjwa uko katika ile hali ya tatu ya swali la 1. Saratani ikishatawanyika, kukata uvimbe mmoja hakuzuii mingine. Utafiti mmoja wa Japani, Korea Kusini na Singapore, uliotoka mwaka 2016, uliwachukua wagonjwa 175 ambao saratani ya tumbo ilikuwa imesambaa mahali pamoja tu. Waliokatwa tumbo kisha wakapewa kemo hawakuishi zaidi ya waliopewa kemo peke yake. Wale walikuwa na ugonjwa wa mara ya kwanza, lakini funzo lake madaktari hulibeba hadi kwa ugonjwa uliorudi.

Kemo ikifanya kazi vizuri, upasuaji unaweza kujadiliwa upya. Ulizeni pia kama nyama iliyopimwa ilichunguzwa kiashirio cha HER2 (protini iliyo juu ya chembe za baadhi ya saratani). Anayekuwa nacho anaweza kufaidika na dawa ya trastuzumab pamoja na kemo.

10. Wanataka kuingiza kamera kutazama tu, bila kukata. Si kupoteza pesa?

Hapana, na kwa maoni yetu hapa ndipo matundu madogo yanapomfaa zaidi mgonjwa wa saratani iliyorudi. Vipele vya saratani kwenye utando wa tumbo vinaweza kuwa vidogo kuliko punje ya mchele, na picha ya CT isivione. Kamera huviona. Daktari pia huosha tumbo kwa maji maalumu na kuyapeleka maabara yakatafutwe chembe za saratani. Vikipatikana, mgonjwa ameepushwa mkato mrefu usio na faida na anaweza kuanza kemo mapema.

11. Babu ana miaka 74, ana presha na sukari. Watamkubali?

Umri peke yake haumkatazi. Wanachopima ni moyo, mapafu, figo, na nguvu zake za kila siku: anapanda ngazi, anakwenda msikitini kwa miguu, anajiogesha? Gesi inayojazwa tumboni husukuma mapafu juu na kupunguza damu inayorudi kwenye moyo, hivyo mwenye ugonjwa mkali wa moyo au mapafu huenda akafaa zaidi kupasuliwa. Mwenye mapafu dhaifu kiasi naye huenda akafaidika na matundu, maana kidonda kidogo humwezesha kukohoa na kuvuta pumzi vizuri. Daktari wa usingizi ndiye wa kulipima hilo. Ombeni kumwona kabla ya siku ya upasuaji.

## Maandalizi, safari na gharama

12. Tunaweza kufanyiwa Malindi au Lamu?

Vipimo vya mwanzo, damu, dripu na uangalizi wa baadaye, ndiyo. Upasuaji wa kurudia kwa saratani ya tumbo, tunawasihi msiutafutie karibu kwa sababu tu ni karibu. Unahitaji daktari bingwa mzoefu, chumba cha wagonjwa mahututi, damu ya akiba, na watu wa picha usiku na mchana. Kutoka hapa, rufaa kwa kawaida huelekea Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, yenye kituo cha saratani, au hospitali kubwa za Nairobi kama Kenyatta na Kenyatta University.

Anayetoka Lamu ana kuvuka hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen. Mpangeni mgonjwa alale Malindi au Mombasa siku moja kabla ya miadi, asifike amechoka na hajala.

13. SHA italipa?

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ina kifurushi cha saratani chenye kikomo kwa mwaka kwa kila kaya. Mchango uwe umelipwa, na hospitali iombe idhini kabla ya upasuaji. Ulizeni ofisi ya SHA ya hospitali husika mambo mawili kwa maandishi: kikomo kilichobaki baada ya kemo, na kama vifaa vya matundu, hasa mashine ya kuunga utumbo, vimo ndani ya bei. Vifaa hivyo ni ghali na ndivyo hushtua familia siku ya kutoka.

14. Tumuulize daktari nini?

Amefanya upasuaji wa kurudia wa tumbo mara ngapi, na mara ngapi aligeuza njia? Kesi yetu imejadiliwa kwenye kikao cha madaktari wa upasuaji, wa saratani na wa picha? Nia ni kuponya au kupunguza mateso? Likitokea tatizo usiku, nani huja? Daktari mzuri hachukizwi na maswali haya. Mwende wawili, mmoja aandike.

15. Mgonjwa anatumia habasoda, mitishamba na kombe. Aache?

Dua haina mgongano na kisu, na hakuna anayemtaka aiache. Mitishamba ni jambo jingine. Habasoda, vitunguu saumu na tangawizi kwa wingi vinaweza kuathiri kuganda kwa damu, na mizizi mingine huumiza ini. Mwambieni daktari kila kitu, wiki mbili kabla, pamoja na aspirini au dawa nyingine za kulainisha damu. Siku ya upasuaji kombe nalo ni kinywaji: chakula husimama muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu muda wa saa 2 kabla, isipokuwa daktari wa usingizi akisema vingine.

16. Amekonda sana. Wakimchelewesha ili ale, saratani haitaendelea?

Siku 7 hadi 14 za kumlisha vizuri, hata kwa mrija, ni bora kuliko kumwingiza thieta akiwa mifupa mitupu, kwani maungio hayashiki kwa mtu aliyekosa lishe. Aache sigara, na muguka pia, maana humkata hamu ya chakula.

## Baada ya upasuaji

17. Hana tumbo tena. Atakula nini?

Chakula chetu hichohicho, kidogo kidogo, mara 6 hivi kwa siku, akitafuna hadi kiwe laini. Samaki wa kuchemsha, mayai, wali laini, uji usio na sukari nyingi. Maji anywe kati ya milo badala ya kuyateremshia chakula. Halua, kaimati za shira na chai tamu humletea jasho, kizunguzungu, mapigo ya moyo na kuharisha, kwa sababu sukari inashuka kwenye utumbo mara moja. Akipatwa na hali hiyo mlazeni, itapita.

Aliyetolewa tumbo lote atahitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano. Kuisahau hakuonekani mwaka wa kwanza. Baadaye damu hupungua, miguu hufa ganzi na kumbukumbu huyumba. Sindano hii si ya kumpeleka Mombasa, iulizieni kwenye zahanati ya karibu.

18. Atasafiri lini kurudi Lamu?

Daktari akishamruhusu, na akiwa anakula, anatembea na hana homa. Lakini wiki mbili za kwanza akae karibu na hospitali kama kuna jamaa Mombasa wa kumpokea, kwa sababu ya yale ya swali la 8. Maungio yakivuja usiku kisiwani, ni mpaka boti ipatikane. Njiani ashuke anyooshe miguu kila kituo. Kwenye gati asaidiwe kupanda boti, na asinyanyue mzigo mzito, hata mtungi wa maji wa lita 20, kwa wiki 6.

19. Na Ramadhani?

Aliyetolewa tumbo anategemea milo midogo mchana kutwa. Kufunga humkausha na kumshusha sukari. Ruhusa ya mgonjwa ipo ndani ya Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Kwa hali ya kudumu, mwulizeni sheikh wenu kuhusu fidia. Mzee anayekataa kula kwa kuona haya ahimizwe na imamu anayemheshimu. Mara nyingi atamsikia yeye kabla ya daktari.

## Hali zisizo za kawaida

20. Hakuna kuponya tena, lakini chakula hakipiti. Kuna la kufanya?

Lipo. Bomba la kutanua njia linaweza kuwekwa kwa kupitia mdomoni, au utumbo ukaungwa kuikwepa sehemu iliyoziba, na hilo mara nyingi huwezekana kwa matundu. Mgonjwa arudi kula na familia yake, hata kwa miezi michache, ni sababu tosha ya kuuliza.

21. Walilazimika kutoa bandama.

Basi homa yoyote ni dharura, mchana au usiku. Asiye na bandama hushambuliwa upesi na bakteria, na malaria humpata kwa ukali. Apewe chanjo ya nimonia na ya uti wa mgongo, na alale ndani ya chandarua kila usiku.

22. Roboti ni salama zaidi?

Ni matundu yaleyale, vyombo vikiongozwa kwa mashine. Kwa saratani iliyorudi haijathibitishwa kumshinda daktari hodari wa matundu ya kawaida.

23. Sisi watoto wake tupimwe?

Bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, aliorodheshwa mwaka 1994 na shirika la saratani la WHO kuwa chanzo cha saratani, na huenea zaidi ndani ya familia moja. Kipimo cha choo au cha pumzi kinatosha, na akipatikana hutibiwa kwa dawa za wiki mbili. Punguzeni ng'onda na vyakula vingine vya chumvi kali. Kama wawili au zaidi katika ukoo wamepata saratani ya tumbo, au mmoja aliipata kabla ya miaka 50, mwambieni daktari kwa majina ya udugu: ni ami au mjomba, shangazi au mama mdogo, na aliugua akiwa na umri gani. Huenda akawaagizia endoskopi (kamera ya kutazama tumbo kupitia mdomoni) hata kama hamna dalili.